Mrejesho: kupima ufukwe wa Pangani kwa RTK

Wakuu, habari zenu, na shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni yule wa Moshi niliyeuliza nitapimaje ufukwe wa Pangani unavyoliwa na bahari, wakati GPS ya simu inakosea mita 3 hadi 5.

Mliosema niazime RTK (GPS ya wapimaji inayosahihishwa papo hapo na kituo cha pili, hadi sentimita chache), Mungu awabariki. Nilianza mazoezi hapa nyumbani, kwenye mchanga wa Mto Karanga: pointi ile ile asubuhi na jioni, tofauti sentimita 2. Pangani nikatembea mistari 6 kutoka kwenye minazi hadi majini, Machi na tena Septemba. Ushauri wa kusubiri bamvua, maji yakishakupwa kabisa, ndio ulioniokoa, kwa sababu mchanga mwingi wa chini hauonekani siku nyingine.

Droni haikufaulu. Mchanga mlowevu unafanana kote na mawimbi hayatulii, basi programu ikashindwa kuunganisha picha za karibu na maji. Sehemu kavu zilitoka vizuri. Pia bikoni yangu moja (alama ya kudumu ya kurejea wakati wa kupima) niliichimbia karibu mno na maji, sikuikuta tena. Nashukuru aliyesisitiza niweke mbili, ya pili nyuma kabisa.

Mistari 4 imeshuka, yaani mchanga wa Septemba uko chini kuliko wa Machi. Lakini siuiti mmomonyoko bado: pepo za kaskazi na kusi husogeza mchanga kila mwaka, kwa hiyo Machi lazima ilinganishwe na Machi. Nitashuka tena Machi ijayo, mistari ile ile. Asanteni sana.