KIDOLE! Mtu kaingiza KIDOLE kwenye tenki langu la samaki wa maji ya chumvichumvi, akakilamba!!

Wakuu naandika huku mikono inatetemeka, mkiona herufi zinarukaruka mnisamehe. Yule mtu. Simtaji, wote mnamjua, yule ambaye hajawahi kufuga hata kiluwiluwi ila kila tenki analopita lazima alitolee hukumu. Leo kaja kwangu na sikumwita.

Nina mono saba, wale samaki wa kung'aa kama fedha, akigeuka mmoja wanageuka wote. Niliwachukua wadogo kama sarafu, wakiwa kwenye maji yasiyo na chumvi hata chembe. Miezi minane nawapandishia chumvi, ile ya bahari ya matenki siyo ya jikoni, nakoroga kwenye ndoo siku moja kabla, napima kwa haidromita (kile kifaa cha kupima ukolezi wa chumvi), nasogeza 0.002 kwa wiki na wiki nyingine naacha kabisa, maana ukikurupuka bakteria wa kwenye filta wanaokula uchafu wa samaki wanakufa, sumu ya amonia inapanda, unazika kundi zima. Nimefika 1.010 kwa jasho langu.

Huyo mtu kakunja shati kafunua mfuniko kazamisha kidole. Kidole kilekile ambacho dakika mbili nyuma kilikuwa ndani ya sikio lake!! Kakizungusha kama anatafuta pete iliyozama. Kakilamba. Kafumba macho. Halafu mbele ya wageni wangu anasema, "Mbona haijakolea?"

HAIJAKOLEA!! Haidromita iko palepale pembeni, ina namba, inasomeka, yeye kaenda na ulimi. Ulimi gani wa binadamu unatofautisha 1.008 na 1.012??

Mono wangu wakapigwa na mshtuko wakaingia wote nyuma ya hita wamegeuka weusi. Yeye anacheka eti "ona walivyo waoga, punguza wabaki wawili watatulia." Wawili! Mono ukimbakizia mwenzake mmoja anamtwanga mpaka mapezi yanaisha, hawa wanataka sita kwenda juu ili ubabe ugawanyike na woga upungue. Nikamwambia. Akasema nimekariri. Mtu mwenye kidole cha sikio ananiambia MIMI nimekariri.

Nimebadilisha maji robo ya tenki na bado nikifumba macho naona kile kidole kinazunguka.

pezi_jeusi: Mkuu kidole kimoja umetuandikia gazeti zima

MtuWaNdoo: huyo nishamjua hata kabla sijamaliza mstari wa pili 😂😂 kwangu alilamba filta

Mwenye uzi: @pezi_jeusi kingekuwa kwenye tenki lako usingecheka. Cha SIKIONI mkuu.

kioo_safi: Afadhali wewe umelambiwa. Mimi mwenye nyumba wangu kaona maji yamepungua, kayajazia chumvi ya jikoni "isipungue nguvu". Maji yakikauka chumvi inabaki humohumo jamani, unajazia maji matupu! Nimeeleza mpaka koo limekauka

MtuWaNdoo: Chumvi ya jikoni haina hata kalsiamu wala magneziamu ya maana, pH inashuka unabaki unashangaa. Pole sana

lita_mia: Samahani mwenye uzi, mono saba kwenye lita ngapi? Hao wanafika sentimita 25. Isije ikawa kidole ndo kitu kidogo kuliko vyote humo ndani

Mwenye uzi: Lita 450 na naandaa kubwa zaidi. Tusitoke kwenye mada. KIDOLE.

skati_wanne: Hao mono ni malaika. Njooni muone hawa samaki wangu skati. Nilipanda majani yanayovumilia chumvi, nikahangaika mwezi mzima, wameyamaliza usiku mmoja asubuhi wananiangalia kama hawajala tangu wazaliwe. Na wanavyokunya!! Nina filta mbili na hazitoshi

pezi_jeusi: Na usiwashike kwa mkono, miba yao ina sumu, ilinichoma nikalia kama mtoto

kioo_safi: Hapana, mjinga wa kweli ni bunju. Nimemweka mmoja tu na mono wangu wote sasa hawana mikia

skati_wanne: Bunju na kundi la mono ulitegemea nini wewe

kioo_safi: Niliambiwa ni mpole!!

lita_mia: Nani alikuambia?

kioo_safi: Yule yule.

MtuWaNdoo: 😂😂😂

Mwenye uzi: Mnaona?? Na hicho kidole

taa_imezima: Wakuu naomba msaada wa haraka. Nina wale samaki wanaotema maji kuangusha wadudu, nimewafungulia mfuniko niwalishe panzi, wakaniacha panzi wakalenga taa, balbu imepasuka. Sasa hivi mmoja ananilenga jicho

pezi_jeusi: Vaa miwani mkuu. Wako wangapi?

taa_imezima: Watano

skati_wanne: Anzisha uzi wako, weka na picha, hii nataka kuifuatilia