Ukoo wa Kibokoni: nani ana neno lenye Q?

Fahim: Asalaam alaykum wanafamilia. Nahitaji neno la Kiingereza lenye Q lakini lisiwe na U. Haraka. Msiulize ni la nini.

Saidi: Waalaykum salaam. La nini?

Fahim: 😒

Zuhura: Waalaykum salaam. Scrabble hiyo, ule mchezo wa kuunda maneno kwa herufi ubaoni, nani asiyejua. Una herufi gani?

Fahim: Q A I D L T W. U zote nne zishatoka, nimezihesabu ubaoni. Hii Q itanifia mkononi na ina pointi 10, nikibaki nayo nakatwa.

Saidi: Queen

Zuhura: Saidi, soma swali kwanza ndugu yangu.

Saidi: Mimi nasaidia tu. Kwani kuna Q isiyofuatana na U? Tulifundishwa darasa la tatu zile ni mtu na mkewe.

Zuhura: Zipo tele. Fahim, ya kwanza ni QI. Ile nguvu ya uhai ya Wachina. Pointi 11 tu kikawaida, lakini Q ikikaa kwenye mraba unaozidisha herufi mara 3, na I ukawa nayo upande wa kulia na chini pia, yahesabiwa mara mbili: 31 na 31, unaondoka na 62.

Fahim: I ninayo moja na hakuna ya kuegemea. Lete nyingine.

Zuhura: QAT, ile miraa. QAID.

Ami Swaleh: Huku Muscat qaid ni kamanda. Kumbe limeingia Kiingereza?

Zuhura: Limeingia kitambo Ami. Hizi Q bila U nyingi ni za Kiarabu. Waingereza walipozipokea waliandika Q pale penye herufi qaf ya Kiarabu, U hawakuwa na haja nayo.

Saidi: Bibi yuko hapa nami, nimemsomea. Auliza: Q ni ile ya Qur'ani? Akiambiwa ndiyo, yeye ana maneno.

Zuhura: Ndiyo hiyo hiyo Bibi ❤️

Saidi: Haya naandika anavyosema. Kadhi. Kibla. Fakiri. Talaka. Wakfu. Asema mkitaka zaidi msubiri aswali kwanza.

Zuhura: Subhanallah. Zote zimo!! QADI, QIBLA, FAQIR, TALAQ, WAQF. Bibi hajawahi kugusa ubao wa Scrabble maishani mwake.

Fahim: TALAQ nahitaji A ya pili. QIBLA nahitaji B. WAQF, F iko pembeni kabisa haifikiki. QADI ninayo kamili!

Saidi: Na mimi nipe lenye J na Z pamoja, nikamringie mtu kazini.

Zuhura: JAZZ. Lakini Z ni moja tu mfukoni, ya pili lazima iwe ile herufi tupu, na hiyo haina pointi. Wee jifunze kwanza ya herufi mbili: ZA, JO, XI, XU, AX. Yapo zaidi ya 120 na ndiyo yanayoshindisha watu, siyo hayo marefu. Jambo la pili, ukipata herufi za RETINA mkononi zishikilie. Ikija S una RETAINS au NASTIER. Ikija G una GRANITE na TEARING. Ikija P ni PAINTER. Ukimaliza herufi zako zote saba kwa mpigo, waongezewa 50.

Ami Swaleh: Sasa mtu aweka XU, ukimuuliza xu ni nini hajui. Hicho ni Kiingereza au kukariri?

Zuhura: Kukariri Ami, sikatai. Kuna Nigel Richards wa New Zealand, 2015 alichukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa na Kifaransa hakisemi. 2024 akachukua na ya Kihispania.

Ami Swaleh: Lahaula.

Zuhura: Na mwaka huo huo wa 2015, Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia kwa Kiingereza, kule Perth, Australia. Wanaijeria walisifika kwa kupenda maneno ya herufi nne, tano, wakabakiza herufi nzuri mkononi. Watu wanadhani mchezo ni kutafuta neno refu la kujionyesha.

Shangazi Rukia: Mwajua kwamba na mimi nimo kwenye kikundi hiki?

Saidi: 😳

Zuhura: Shikamoo Shangazi. Kwani...

Shangazi Rukia: Marahaba. Ndiye mimi ninayecheza naye. Niko hapa na chai yangu nimesubiri zamu nusu saa, kumbe kijana ameitisha baraza.

Fahim: Shangazi hujasema ni haramu kuuliza familia 😅

Shangazi Rukia: Nimefundisha Kiingereza mpaka nikastaafu, hilo qadi sijaliona kwenye kamusi yangu.

Zuhura: Kamusi ya mchezo ni ya Collins, Shangazi. Marekani na Kanada ndio wana orodha yao. Kwenye Collins hata yetu yamo: MZEE, UGALI, MATATU, SHAMBA. MZEE peke yake ni pointi 15.

Shangazi Rukia: Mzee imo? Haya basi, sibishani na Collins. Weka.

Fahim: Nimeweka QADI. 14, na mraba wa neno mara mbili, 28. Ahsante Bibi, ahsante Zuhura!

Zuhura: Umeiweka wapi? Usiache nafasi mbele yake, QADI yapokea S mwishoni.

Fahim: Ushachelewa.

Shangazi Rukia: [picha]

Shangazi Rukia: R-E-T-A-I-N-S, imeshuka mpaka kwenye QADI ikawa QADIS. 7, na 15, na ile 50. Yaani 72 kabla sijahesabu miraba ya rangi. Ahsante kwa somo mwanangu Zuhura, herufi nilikuwa nazo tangu saa nne sikuziona.

Fahim: Zuhura!!!

Zuhura: Mimi nilikuwa namfundisha Saidi 🙈

Saidi: Bibi auliza, huyo kadhi mliyemtia S ndiyo amekuwa wangapi?

Shangazi Rukia: Fahim, zamu yako. Safari hii waulize faraghani.