Lenzi ya kupandikiza baada ya kutoa mtoto wa jicho: ngumu, ya kukunjwa, au ya mbali na karibu?

Mwana_Rungwe:
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wa wataalamu wa macho. Mama ana miaka 68, yuko Tukuyu, ni fundi cherehani na bado anashona. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho. La kulia limeziba kabisa, anahesabu vidole tu tena vya karibu. Ana kisukari, anatumia vidonge. Kapangiwa upasuaji wa jicho la kulia Mbeya mjini, wiki ijayo. Tumeambiwa kuna lenzi ngumu, kuna ya kukunjwa, na ipo ya bei ya juu inayoona mbali na karibu bila miwani. Ndugu wako tayari kuchanga kwa hiyo ya tatu.

Karatasi ya vipimo inasomeka hivi:
Kulia: K 43.50 / 44.25, urefu wa jicho 23.10
Kushoto: K 43.50 / 44.25, urefu wa jicho 23.85
Lenzi ya kulia: +21.0

Tuchague ipi?

Vipimo_Uyole:
Mkuu, kabla ya aina ya lenzi, rudi kwenye hiyo karatasi. Macho yake yamepishana urefu kwa milimita 0.75. Kwa kawaida macho ya mtu mmoja hukaribiana sana, na yakipishana zaidi ya 0.3 sisi hurudia kipimo kabla ya kuamini namba. Mviringo wa kioo cha mbele (hizo K) uko sawa pande zote, kwa hiyo wasiwasi wote uko kwenye urefu.

Yanayoweza kuwa yametokea ni haya. Jicho la kulia limeziba mno, mashine ya mwanga haipenyi, kwa hiyo bila shaka wametumia A-skeni ya mawimbi ya sauti, ile ambayo ncha ya kalamu inagusa jicho. Mkono ukikandamiza kidogo tu, kioo cha mbele kinabonyea na jicho linasomeka fupi kuliko lilivyo. Jicho likisomeka fupi, hesabu inatoa lenzi kali kuliko inayotakiwa, na mgonjwa anatoka haoni mbali vizuri.

Piga mwenyewe kwa kanuni ya zamani: namba A ya lenzi (ile anayoitoa mtengenezaji wake), toa 2.5 mara urefu, toa 0.9 mara wastani wa K. Namba A ikiwa 118.4 na urefu 23.10, unapata 21 na kitu, ndiyo hiyo +21.0 yenu. Weka 23.85, inashuka hadi karibu +19.3. Siku hizi hospitali hutumia kanuni bora zaidi, kama SRK/T au Barrett, lakini hii inatosha kukuonyesha ukubwa wa pengo. Kosa la milimita moja huacha kama diopta 2.5 za miwani (diopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), kwa hiyo hapa unazungumzia diopta moja na nusu hadi mbili. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayofuta kosa hilo.

Sasa tafuta miwani yake ya zamani, ya kabla macho hayajaanza ukungu. Ya miaka ya karibuni usiitegemee, maana mtoto wa jicho mwenyewe husogeza namba upande wa kutoa. Kama miwani ya zamani ilipishana diopta mbili kulia na kushoto, tofauti ya urefu ni ya kweli. Kama ilikuwa sawa, kipimo kirudiwe.

Mwana_Rungwe:
Asante sana mkuu. Miwani ipo, ya mwaka 2011. Fundi wa miwani kaipima: kulia +0.75, kushoto +0.50, na nyongeza ya kusomea +2.00 pande zote.

Vipimo_Uyole:
Basi irudiwe, tena kabla ya siku ya upasuaji, si asubuhi ile ile foleni ikiwa imejaa. Ombeni kwa heshima, mkiwa na hiyo miwani mkononi. Mpimaji anayejali kazi yake ataipokea vizuri, kwa sababu ni ushahidi unaomsaidia. Wachukue vipimo vitano hadi kumi kwa kila jicho. Vinavyopishana zaidi ya 0.1 vitupwe, na waangalie pia kina cha chumba cha mbele, yaani nafasi kati ya kioo cha mbele na lenzi ya asili: kikisomeka kifupi kulia kuliko kushoto, kalamu ilikandamiza. Wakiwa na njia ya kupima kwa kikombe cha maji, ambapo kalamu haigusi jicho, ni bora zaidi.

Dada_wa_Thieta:
Nachangia upande wa lenzi zenyewe.

Lenzi ngumu isidharauliwe. Ni plastiki ya akriliki, ukoo ule ule aliotumia Harold Ridley kule London mwaka 1949 alipopandikiza lenzi ya kwanza, baada ya kuona vipande vya vioo vya ndege vya aina hiyo vinakaa ndani ya macho ya marubani bila kuleta vurugu. Kwa kuwa haikunjwi, inahitaji mlango wa milimita 6 hadi 6.5. Mlango huo huchongwa kama handaki kwenye weupe wa jicho, na mara nyingi hujifunga bila nyuzi. Lenzi ya kukunjwa hupita kwenye tundu la milimita 2.2 hadi 2.8, kwa njia ya fako, ambapo mtoto wa jicho huvunjwa kwa mawimbi ya sauti na kunyonywa.

Kwa mama, jicho likiwa limeziba namna hiyo, kiini huwa kigumu. Fako italazimika kutumia nguvu nyingi ya mawimbi kukivunja, na nguvu hiyo huunguza chembe za ndani za kioo cha mbele, ambazo hazioti tena. Daktari akisema atatumia njia ya handaki, hajawapa huduma ya daraja la pili. Gharama yake ni kwamba mlango mkubwa hupindisha kioo kidogo, diopta moja hivi ukiwekwa juu, pungufu ukiwekwa ubavuni.

Mkipewa nafasi ya kuchagua kati ya zinazokunjwa, kwa mwenye kisukari chukueni akriliki isiyopenda maji, yenye ukingo wa mraba. Ile inayopenda maji imewahi kuota chokaa, hasa kwa wenye kisukari, na ukingo wa mraba huchelewesha ukungu wa kifuko cha nyuma, yaani utando ulioachwa ndani ya jicho kushikilia lenzi mpya. Ukungu huo ukija baada ya miezi au miaka, si mtoto wa jicho karudi. Hutobolewa kwa leza kwa dakika chache, na lenzi inabaki pale pale.

Ile ya mbali na karibu, kwa mama hapana. Inagawa mwanga sehemu mbili, kwa hiyo kila picha inapungua ukali na taa za usiku zinaota miduara. Retina nzima (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) huvumilia. Retina iliyoguswa na kisukari, au itakayoguswa baadaye, haina akiba ya kugawa. Retina ya kulia kwa sasa haionekani, basi waulizeni kama wamefanya B-skeni, picha ya mawimbi ya sauti ya nyuma ya jicho. Hiyo michango ya ndugu iwekeni kwenye nauli ya kurudi kliniki na kuchunguza retina baada ya upasuaji.

Mwana_Rungwe:
Nimeelewa. Sasa kushona je? Anatunga uzi kwenye sindano kila siku.

Vipimo_Uyole:
Lenzi ya kawaida inaona vizuri umbali mmoja, na umbali huo unachaguliwa. Wakilenga −2.00, ataona nusu mita bila miwani, pale cherehani ilipo, lakini barabara itakuwa na ukungu. Wakilenga karibu na sifuri, ataona barabara, na kwenye sindano atavaa +2.50.

Kwa mama nashauri sifuri au −0.50. Miwani yake ya zamani inaonyesha maisha yote aliona mbali bila shida na kushona kwa miwani. Mtu huyo ukimnyang'anya mbali, analalamika kila siku. Tena miteremko ya Tukuyu na mvua zake, miwani ya mbali ikilowa, mguu unakosa jiwe.

Mwana_Rungwe:
Wamerudia leo. Kulia 23.78, kushoto 23.84. Lenzi imehesabiwa upya, na B-skeni imefanyika, retina imelala vizuri.

Dada_wa_Thieta:
Nimefurahi mno kusikia hivyo. Siku yenyewe waelezeni dawa zote anazotumia, na sukari iwe imetulia. Karatasi mpya ndiyo iwe juu ya faili, ile yenye +21.0 ikatwe kwa kalamu ili isisomwe na mtu mwingine. Ulizeni kama kuna lenzi ya akiba ya vipande vitatu: kifuko kikipasuka, huwekwa hiyo mbele ya kifuko, ikiwa na nguvu pungufu kwa nusu hadi diopta moja. Lenzi ya kukunjwa ya kipande kimoja haifai kukaa pale, inasugua duara lenye rangi linalozunguka mboni.

Pakiti ya lenzi ina stika zenye nguvu na namba yake. Moja ibaki kwenye faili, moja ombeni muitunze nyumbani. Matone ayaweke kwa ratiba hadi mwisho, hata jicho likionekana zima. Maumivu yanayoongezeka, wekundu au uoni kushuka ndani ya wiki ya kwanza, arudishwe Mbeya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Miwani ya kushonea ipimwe baada ya wiki sita, jicho likishatulia.