Mto Wigwa umebadilika rangi mara tatu mwezi huu, nianzie wapi?

Mama_Nyalenda: Hamjambo wadau. Nalima sukuma na managu kando ya Mto Wigwa, hapa Kisumu. Mara tatu mwezi huu nimeamka nikakuta maji meupe kama ya kuoshea mchele, povu limenata kwenye magugu, harufu ya mayai viza. Jumanne vijisamaki vilielea tumbo juu pale wanangu wanapovukia. Kufika saa nne, mto umetulia utadhani hakuna kilichotokea. Nilipiga simu ofisi moja nikaambiwa nilete ushahidi. Ushahidi upi, na maji yameshateremka ziwani? Na mboga zina wateja kila jioni. Nifanyeje?

Fundi_Mabomba: Pole sana mama. Kwanza acha kumwagilia kwa maji hayo. Kisha panda na mto hadi ukute maji safi, halafu rudi polepole ukikagua kila mtaro. Kama haijanyesha, mtaro wa mvua unapaswa kuwa mkavu. Ukiukuta unatiririka, hapo pana jambo. Harufu hiyo mara nyingi ni maji taka yaliyokosa hewa. Chemba, yaani shimo lenye mfuniko la kukagulia bomba la maji taka, ikiziba nusu hufurika alfajiri watu wakioga, kisha hunyamaza. Pia kuna malori ya kunyonya vyoo yanayomwaga usiku. Usimtaje mtu bado.

Mvuvi_Dunga: Kweli, tusikimbilie kulaumu. Huku tuliwahi kuona utando wenye rangi za upinde, tukapiga kelele kwamba ni mafuta. Mzee mmoja akachora juu yake kwa kijiti, utando ukapasuka vipande kama gae, haukuungana tena. Mafuta hujirudi yakaungana. Ule ulikuwa wa bakteria wa chuma tu. Ila samaki waliokufa, watoto wasiwaguse.

Maabara_Kisumu: Chukua chupa mbili safi: moja uijaze mtoni kabla ya kufika mtaro, nyingine baada ya mtaro. Elekeza mdomo wa chupa mkondo unakotoka, usitibue tope. Ziweke kwenye barafu zifike maabara siku hiyo hiyo. Na tafadhali, kuchemsha hakuondoi kemikali.

Wakili_Milimani: Sampuli zako zitawaonyesha maafisa pa kuangalia, za kesi wachukue wenyewe. Andikia NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nakala kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji na idara ya mazingira ya kaunti. Nakala yako igongwe muhuri. Ibara ya 42 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakupa haki ya mazingira safi, na ya 70 inakuruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara. Kazi ya upelelezi si yako, mama.

Mama_Nyalenda: Asanteni sana. Leo saa kumi na moja alfajiri nimepanda na kijana wangu. Kabla mto haujafika daraja la pili, maji ni safi hadi kokoto zinaonekana. Baada ya daraja kuna mtaro wa saruji. Haijanyesha tangu Jumamosi, lakini ulitoa maji meupe, vuguvugu, na saruji ina ute wa kijivu kama pamba iliyolowa. Nimepiga picha. Unapita chini ya barabara, mwanzo wake siuoni.

Fundi_Mabomba: Ute huo hukua pale uchafu unapopita kwa muda, si siku tatu tu. Kwa hiyo lori naliondoa. Usiingie humo ndani! Barua iombe watie rangi ya kupimia kwenye chemba za juu, waone inatokea wapi. Jumamosi nitakuja tuhesabu mifuniko ya chemba kutoka barabarani.

Mama_Nyalenda: Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, darajani. Barua naipeleka kesho. Matuta mawili yaliyo karibu na maji nimeyang'oa.