Riwaya ya kutisha iliyokufanya ulale taa inawaka: tupeane uzoefu

Msomaji wa Usiku
Wakuu, salaam. Jana usiku nilikuwa nasoma riwaya kwenye simu, niko peke yangu, mke na watoto wamekwenda msibani Korogwe. Nimefika pale mtu anachota maji kisimani, ndoo inapanda nyepesi kuliko ilivyoshuka, umeme ukakatika. Mtaa mzima giza. Chaji asilimia 9. Nikabaki na mwanga wa ule ukurasa tu, na nilijua nikiuacha uzimike nitakaa gizani na ile ndoo kichwani mpaka alfajiri. Nikaendelea kusoma. Choo chetu kiko uani. Sikwenda.

Nina miaka arobaini na mbili, nimezika wazazi wote wawili kwa mikono yangu, lakini jana niliogopa maandishi. Tupeane uzoefu: kitabu gani kilikufanya hivyo, na ulikuwa wapi? Na wale mnaoandika uchambuzi wa vitabu, mnamwelezaje mtu riwaya ya namna hii bila kumharibia?

Binti Makunduchi
Umenikumbusha mbali. Nimelelewa Unguja na bibi mzaa mama. Kaka yangu alileta *Kisima cha Giningi* cha Muhammed Said Abdulla, nakala ya zamani, kitabu chenyewe ni cha 1968. Tukakaa barazani baada ya Isha, kaka anasoma kwa sauti, bibi anasuka ukili. Kaka akalitaja lile jina. Mikono ya bibi ikasimama. Akasema, "Mjukuu wangu, jina hilo halitajwi usiku. Funga kitabu."

Kwa wasiojua, Giningi kwa watu wa kwetu ndiko wanakokutana wachawi. Ukitaja usiku ni kama unapiga hodi.

Bibi akakichukua kile kitabu akakiweka rafuni, chini kabisa ya Msahafu. Tukalala watatu kitanda kimoja. Asubuhi, chai bado iko jikoni, akamrudishia kaka mwenyewe: "Haya soma, jua lipo." Akakaa na ukili wake, akasikiliza mpaka mwisho.

Fundi Redio
Usiku hakitajwi. Nakazia.

Mpekuzi
Dada Makunduchi, heshima kwako na kwa bibi, ila hizo si riwaya za kutisha. Ni za upelelezi. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hizo, ana kiko chake na akili zake, basi. *Mzimu wa Watu wa Kale* ndiyo iliyoshinda shindano la kuandika hadithi la 1957-58, ikachapishwa 1960, na ukiisoma vizuri unaona mwandishi anachukua kile watu wanachokiogopa, anakiweka mezani, anakipasua. Hakuna jini pale. Kuna maiti, kuna siri za watu, kuna mtu anayefikiri.

Binti Makunduchi
Kaka yangu Mpekuzi, kabla Bwana Msa hajawasha hicho kiko, wewe ulikuwa unaogopa nini? Huwezi kupasua kitu ambacho hukukiingiza kwanza moyoni mwa msomaji. Woga wa kurasa za mwanzo haufutwi na maelezo ya mwisho.

Mpekuzi
Unafutwa. Ndiyo kazi ya maelezo.

Kijana wa Mbagala
Kwani kwenye Mzimu muuaji si yule

Fundi Redio
WEWE! Ishia hapo hapo.

Binti Makunduchi
Mdogo wangu usimalizie, kuna watu wanakitafuta hicho kitabu hawajakipata bado.

Baharia wa Kilindini
Hamjambo ndugu zangu. Niko Mombasa, miaka kumi na saba nimekula chumvi ya meli, sana sana Mombasa, Salalah, Muscat. Mimi kilichonitoa jasho ni *Dracula* ya Bram Stoker. Ni kitabu cha 1897, nikadhani kizee hiki kitanifanya nini.

Kitabu chote kimeandikwa kwa barua na kumbukumbu za siku. Nikiwa zamu ya saa sita usiku hadi saa kumi, nikafika kwenye kumbukumbu za nahodha wa meli iliyotoka Varna kwenda Uingereza. Anaandika kama sisi tunavyoandika: upepo, bahari, mahali tulipo. Halafu anaandika kwamba baharia mmoja hayupo. Siku chache baadaye, mwingine hayupo. Halafu mwingine. Meli inafika Whitby na nahodha amefungwa kwenye usukani, amekufa, mikono imekamata msalaba.

Mtu wa bara atasoma apite. Mimi nilikuwa na daftari la zamu mbele yangu, mwandiko wa mwenzangu aliyenitangulia haujakauka wino vizuri. Nikatoka nikaenda kuhesabu watu vyumbani. Kweli kabisa, nilipita mlango kwa mlango nikawahesabu. Mpishi akaamka akaniuliza natafuta nini, nikasema nasikia harufu ya moshi.

Mama Wawili
Baharia umenifanya nitetemeke mchana kweupe.

Kijana wa Mbagala
Mimi woga wangu ni mwingine. Nililipia hadithi ya kuendelea, elfu moja kila sehemu kumi, ya nyumba yenye chumba kisichofunguliwa. Sehemu ya 34 mkono umeshika kitasa. Itaendelea. Mwandishi hajaonekana mpaka leo, huu mwaka wa tatu. Nikipita kwenye mlango uliofungwa bado namkumbuka.

Fundi Redio
Huyo aliingia chumbani, mdogo wangu.

Mzee wa Kurasa
Nimjibu mleta mada kwenye swali la uchambuzi, maana watu wamelikimbia. Mimi huandika maoni ya vitabu kwa ajili ya wanafunzi wangu. Riwaya ya kutisha ninaiuliza kwanza: kile kitu kimeonekana lini? Kikionekana mapema mno, nusu ya kitabu iliyobaki ni mbio tu. Halafu naangalia mwandishi anatuogopesha kwa kitu gani cha kila siku. Ndoo ya mleta mada ni mfano mzuri, kila mtu ameshika kamba ya ndoo, kila mtu anajua uzito wake. Hilo unaweza kumwambia msomaji bila kumwibia chochote. Sababu ya ndoo kuwa nyepesi, hiyo mwachie.

Mpekuzi
Mwalimu, shikamoo. Sasa uchambuzi usiogusa mwisho ni uchambuzi gani? Mwisho ndipo unapojua kama mwandishi alikuwa mkweli au alikuwa anatuzungusha.

Mzee wa Kurasa
Marahaba. Basi niambie mwisho wa hadithi ya Henry James ya 1898, ile ya mlezi na watoto wawili katika nyumba ya shamba. Mizuka ilikuwepo, au ilikuwa kichwani mwa mlezi? Watu wameishindania kwa zaidi ya miaka mia na haijaisha. Kuna mwisho usioshikika.

Kitanda cha Juu
Nimeufungua huu uzi tangu mchana nikaufunga mara mbili. Acha niandike.

Mwaka ni 1997, niko kidato cha pili, shule ya bweni ya wasichana. Sitaitaja, wala mkoa. Kulikuwa na kitabu kinazunguka bwenini kwetu. Jalada hakina, kurasa za mwanzo hazipo, mgongo umeshonwa kwa uzi wa kufumia vitambaa. Hatukujua jina lake, tulikiita Kile. "Nani ana Kile leo?" Mimi ndiye nilikuwa msomaji, kwa sababu nilisoma bila kukwama. Taa zikizimwa ninajibana katikati ya deka mbili, tochi nimeifunika kanga, wenzangu wamejazana juu na chini.

Kilikuwa kinahusu bibi harusi aliyekufa usiku wa kuamkia ndoa yake. Kila usiku anarudi nyumbani kwao, na kabla ya kuingia ananawa miguu mlangoni. Watu wa mle ndani hawamwoni. Wanasikia maji yanamwagika kwenye sakafu, basi.

Usiku wa nne nikafunua ukurasa, hakuna kitu. Kuna uzi na vipande vya karatasi vilivyobaki kwenye mshono. Mwisho ulikuwa umechanwa. Nikanyamaza. Wote wakanyamaza wananisubiri. Nilipaswa kusema kimeishia hapo, tulale. Sikusema. Nikainamisha tochi kwenye ile mishono nikaendelea kusoma karatasi ambayo haikuwepo.

Nikasema bibi harusi alichoka na nyumba ile, kwa sababu hakuna msichana wa rika lake. Akatoka akafuata barabara. Anatafuta nyumba yenye wasichana wengi, achague mpambe wake. Akafika dirishani. Anahesabu vitanda. Moja, mbili, tatu. Nikaenda polepole mpaka saba, tochi ikaanza kufifia, nikaishia hapo.

Kitanda cha saba kutoka dirishani kilikuwa cha rafiki yangu, nimwite Tatu.

Haikupita hata robo saa, mwenzetu mmoja akarudi kutoka bafuni, akasimama mlangoni akajimwagia maji miguuni kwa kopo ili asiingize tope. Tatu alipiga kelele ambayo mpaka leo siwezi kuieleza. Akaanguka. Aliyemkimbilia akaanguka. Kufika asubuhi walikuwa wanaanguka mabweni matatu, hata wasiowahi kukiona Kile. Waliletwa shehe na mchungaji siku moja. Shule ikafungwa wiki mbili, wazazi wakaja kutuchukua wengine wanalia. Kile kikachomwa moto nyuma ya jiko.

Halafu wazee wa kijiji wakasema mapepo yanakaa kwenye mwembe uliokuwa kando ya bweni. Tuliporudi umeshakatwa, kumebaki kisiki, kinatoa utomvu. Mwembe ule ulikuwepo kabla ya shule. Ulikatwa kwa maneno yangu, na sikumwambia mtu.

Mwaka 2011 niko Dar, kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini, nikafungua kimoja katikati nikakuta sentensi naijua kwa moyo. Kile, kizima, na jalada lake. Shilingi elfu mbili. Nilisoma mwisho nimesimama palepale juani. Aliyekuwa anamwaga maji ni shemeji mtu, alitaka familia ihame aiuze nyumba. Mtu na kopo lake.

Mama Wawili
Dada.

Fundi Redio
Nimesoma mara mbili. Pole sana.

Mpekuzi
Hapa ndipo hoja yangu ilipo! Wangekuwa na kurasa za mwisho, hakuna ambaye angeanguka.

Binti Makunduchi
Mpekuzi, acha kwanza. Mtu ametoa kitu kizito, wewe unatafuta ushindi.

Mpekuzi
Samahani dada Kitanda. Nimekosea.

Mjukuu wa Kanyigo
Haya mambo ya shule yapo tangu zamani. Kwetu Kagera, Kashasha, tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu walianza kucheka. Kicheko kikaenea kwa 95 kati ya wanafunzi 159, shule ikafungwa Machi. Na hapo hakukuwa na kitabu wala mzimu. Bibi yangu alikuwa akisema ni watoto waliokuwa wamebanwa sana. Dada Kitanda, usijibebeshe mzigo wote. Wewe ulitoa cheche, nyasi zilikuwa zimekauka.

Ustadhi Kipara
Mimi nasema hapo palikuwa na jini kweli, na kitabu kilikuwa sababu tu. Unadhani lile la kopo lilitokea lenyewe, muda uleule?

Mjukuu wa Kanyigo
Ustadhi, bwenini watu wananawa miguu kila usiku. Siku hiyo ndiyo wamesikia.

Ustadhi Kipara
Wewe amini lako. Mimi Pemba mwaka 1995 nilikuwepo, habari za Popobawa, lile jini la usiku, zilipokuwa zinavuma watu wazima walikuwa wanalala nje kwa makundi, moto unawaka. Hakuna aliyekuwa amesoma kitabu. Usiniambie habari za kopo.

Mama Wawili
Dada Kitanda cha Juu, ulishamwambia Tatu?

Kitanda cha Juu
Nilimwambia. Tulikutana 2019 kwenye harusi ya mtoto wa mwenzetu, tukakaa meza moja. Nilitetemeka kuliko siku ile. Nikamweleza yote, karatasi haikuwepo, mpambe ni wangu, saba ni yangu. Alinyamaza, akamenya chungwa lake lote kwanza. Kisha akasema: "Mwenzangu, mimi hata kuhesabu vitanda sikuhesabu. Niliogopa pale uliponyamaza. Siku zote ulikuwa husiti."

Mzee wa Kurasa
Nimefundisha fasihi miaka ishirini na sita. Hilo la kusita nitaliandika daftarini, kwa ruhusa yako.

Kitanda cha Juu
Liandike, mwalimu.

Kijana wa Mbagala
Sasa wakuu, kwa anayeogopa lakini hawezi kuacha kusoma, afanyeje?

Fundi Redio
Anza na ukurasa wa mwisho, ndipo urudi wa kwanza.

Mpekuzi
Usimsikilize. Soma mchana, kituo cha daladala, kelele zote zipo.

Ustadhi Kipara
Ayatul Kursi kabla ya kufungua. Wakristo wana Zaburi ya 91.

Baharia wa Kilindini
Soma na mtu. Anayelala karibu yako akikoroma, huwezi kusikia maji wala hatua.

Mama Wawili
Na nenda chooni kwanza. Mleta mada ametufundisha.

Mwana Kihonda
Dada Makunduchi, nakala ya *Kisima cha Giningi* mnayo bado? Niko Morogoro, nimeitafuta muda mrefu. Nitairudisha ikiwa salama.

Binti Makunduchi
Ipo kwa kaka, jalada limeshikwa na gundi. Nitamwuliza. Ila usiilaze chini, bibi alikuwa hataki.

Msomaji wa Usiku
Asanteni wote. Umeme umerudi saa kumi jioni, simu imejaa. Zimebaki kurasa kumi na moja na ndoo bado iko juu ya kisima. Mke wangu anarudi kesho kutwa. Nitamsubiri.