Mjadala: Thomas Hudner alistahili nishani au mahakama ya kijeshi?

Mleta mada
Wakuu, naleta kisa cha Vita ya Korea. Kila kikisimuliwa watu hutokwa machozi, nami naona machozi hayo yanafunika swali.

Tarehe 4 Desemba 1950, ndege sita za kivita aina ya Corsair ziliruka kutoka manowari ya USS Leyte kuwasaidia askari wa Marekani waliozingirwa na Wachina eneo la Chosin. Ndege ya rubani mmoja wao, Jesse Brown, ikapigwa risasi kutoka chini, ikaanza kuvuja, akalazimika kuishusha mlimani kwenye theluji, ng'ambo ya mstari wa adui. Ikakunjika, mguu wake ukabanwa ndani. Waliokuwa wakizunguka juu walimwona akipunga mkono huku moshi ukifuka.

Luteni Hudner akaiangusha ndege yake kwa tumbo, makusudi, jirani na mwenzake. Ndege nzima! Akaumia mgongo. Alipofika alikuwa na nini? Mikono. Akawa anajaza theluji kwenye injini inayofuka, akamvika Brown kofia ya sufu na kumzungushia skafu kwenye mikono iliyokwisha kuganda. Brown akafia palepale. Aprili 1951 Rais Truman akamvisha Hudner nishani ya juu kabisa.

Mimi nasema alikosea. Siku ile kila Corsair ilikuwa inahitajika angani, na yeye alipoteza ndege na nusura wapotee marubani wawili badala ya mmoja.

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, umeruka kipande. Hudner alirudi kwenye redio ya ndege yake akaomba helikopta ije na shoka na kizima moto. Kutoka juu nani angejua kinachohitajika ni shoka? Rubani wa helikopta, Charlie Ward, alikuja navyo. Kwamba shoka liligonga bati likadunda, hiyo si hesabu ya kumbebesha Hudner. Hata kuukata mguu kwa kisu walilifikiria. Giza likaingia, na helikopta zile hazikuweza kuruka usiku.

Mchangiaji wa pili
Mimi nimevaa gwanda, kwa hiyo nisikilizeni kidogo. Rubani anayejua kwamba akianguka atafuatwa, haruki kwa woga. Hiyo faida haionekani kwenye hesabu ya vyuma. Tena msisahau Brown ni nani: mtoto wa Mississippi, Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kuhitimu mafunzo ya urubani ya jeshi la majini la Marekani, 1948. Yule Mzungu wa Massachusetts hakusita.

Mchangiaji wa tatu
Hapo kwenye rangi ndipo ninapopata shaka, kaka. Simnyimi Hudner ujasiri wake, ila Washington 1951 ilikihitaji sana kisa hiki. Mweusi na mweupe bega kwa bega! Wakati huohuo, huko Hattiesburg alikozaliwa Brown, kiti cha mbele kwenye basi hakikuwa chake.

Mleta mada
Afande, nakubali hoja ya woga, na la shoka nimelipokea. Ila tazameni kilichofuata. Hudner alitaka warudi kuuchukua mwili. Kapteni Sisson wa Leyte akakataa, akihofia helikopta itaviziwa. Tarehe 7 marubani wa kikosi chao wenyewe wakatumwa kuichoma ndege ile kwa mabomu ya moto ya napalm, Brown akiwa bado ndani, huku sala ya Baba Yetu ikisomwa redioni.

Msiniambie "maiti si sawa na mzima", hilo nalijua. Swali langu ni nani mwenye mamlaka ya kuamua hatari ipi inafaa. Tarehe 7 aliamua kamanda, na amri ikatiiwa. Tarehe 4 aliamua luteni peke yake, hakumuuliza kiongozi wa msafara, na akapewa nishani. Mwaka 2013, akiwa na miaka 88, Hudner alisafiri hadi Pyongyang kuomba mabaki ya rafiki yake yatafutwe, kwa hiyo simtilii shaka moyo wake hata chembe. Lakini nijibuni: ndege ya Hudner ingelipuka ilipogusa theluji, mngemwita nani leo?

Mchangiaji wa pili
Ningemwita vilevile. Kipimo changu ni alichokijua akiwa bado angani: mwenzake yu hai, kabanwa, na moto unakuja.

Mleta mada
Na alijua pia hana shoka.