Kipanya kinaganda baada ya kuweka Linux Mint: ninunue kipya, nibadili mipangilio, au nirudi Windows?

Steshenari_Nyegezi
Wakuu, habari za jioni. Laptopu ya dukani ilikuwa na Windows 10, na Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025, nikaweka mfumo wa Linux Mint badala yake. Tangu hapo kipanya kisicho na waya kinanitesa. Nikikiacha kidogo kinaganda mpaka nibonyeze. Wanafunzi wakija na flashi zao kuprinti, mshale unarukaruka. Nimeona cha waya mjini kwa elfu kumi. Ninunue, au nirudi kwenye Windows?

Fundi_Makoroboi
Mkuu, usinunue kwanza. Washa mashine kwa flashi uliyowekea Mint, bila kusakinisha kitu, utumie kipanya robo saa. Flashi ikae mbali na kipokezi cha kipanya, kile kidude kidogo cha USB. Kikitulia huko, kipanya ni kizima na mfumo wenyewe hauna kosa.

MamaIgoma
Kaka, mimi nilikimbilia kununua cha waya. Kurukaruka kuliisha, kuganda kukabaki vilevile. Pesa ilishatoka.

Steshenari_Nyegezi
Kwenye flashi kimetulia kabisa! Nilichoongeza mwenyewe ni powertop, programu ya kuokoa umeme, betri idumu umeme ukikatika. Nimeiwekea amri ya --auto-tune ijiendeshe kila nikiwasha.

Fundi_Makoroboi
Basi mchawi tumempata. Amri hiyo inaruhusu vifaa vya USB kulala, na muda wa kawaida ni sekunde 2 tu bila kazi. Vipanya vingi vikishalala, kuvisogeza hakuviamshi, hadi ubonyeze. Ndiyo maana cha waya cha dada hapo juu hakikumsaidia kwenye kuganda, maana nacho ni USB. Jaribu hivi: andika sudo powertop, nenda ukurasa wa Tunables, tafuta mstari wa kipokezi, bonyeza Enter ili Good iwe Bad. Hiyo Bad isikutishe, ina maana kifaa hakitalazwa. Ukizima mashine mpangilio huo unapotea, kwa hiyo kikipona, iondoe auto-tune isijiendeshe tena.

Sangara_Kirumba
Kurukaruka ni ugonjwa mwingine, msiuchanganye na huo. Mausi zisizo na waya hutumia mawimbi ya 2.4 GHz, na flashi ya USB 3.0 ikiwa kazini hutoa kelele kwenye masafa hayohayo. Intel walilieleza hilo mwaka 2012. Hamishia kipokezi upande wa pili wa laptopu. Kama matundu yamebanana, tafuta waya mfupi wa kurefushia USB ukisogeze mbali na flashi. Kwangu waya ulifaa kuliko kuhama tundu.

Steshenari_Nyegezi
Auto-tune nimeitoa, kipokezi kiko mwisho wa waya, karibu kabisa na kipanya. Leo nimeprinti tangu asubuhi, flashi zinaingia na kutoka, hakijaganda wala kuruka. Betri nitaipima umeme ukikatika. Windows sirudi. Fundi, Sangara, asanteni sana. Dada wa Igoma, nawe kama uliweka powertop, itazame.

MamaIgoma
Ninayo kaka, tena na auto-tune hiyohiyo. Naitoa sasa hivi.